Picha Isiyo na Mgongo: Namna ya Kuhamisha na Kupanga Picha za Kamera ya Kidijitali

Katika nyumba nyingi za pwani, ukifungua kasha la mzee au mtoto wa meza ya bibi, hukosi kukuta bahasha yenye picha za zamani. Ni picha nyeusi na nyeupe, kingo zake zimekatwa menomeno, na waliomo wamesimama wima mbele ya pazia la studio: ya Mombasa, ya Lamu, au ya Unguja, mfano wa ile Capital Art Studio iliyofunguliwa mwaka 1930. Ukiigeuza picha moja, aghalabu utaona maandishi ya wino mgongoni, kwa herufi za Kiarabu au za Kilatini: jina la mtu na la baba yake, mji, mwaka, na pengine salamu kwa aliyepelekewa. Aliyepigwa picha amekwisha kufariki, na aliyepiga hajulikani tena. Hata hivyo, kwa sababu ya mstari ule mmoja wa wino, kijukuu ajua kwamba huyu aliyevaa koti juu ya kanzu ndiye baba wa babu yake.

Picha ya kamera ya kidijitali haina mgongo. Haina mahali pa kuandikia ila pale tutakapopatengeneza wenyewe, na asiyepatengeneza hubaki na maelfu ya nyuso zisizo na majina. Siku hizi kamera hizi zimeingia katika nyumba zetu kwa njia mbalimbali: moja yanunuliwa kwa ajili ya harusi, nyingine yaletwa na ndugu atokaye Arabuni. Muuzaji humweleza mnunuzi habari za lenzi na pikseli, lakini nadra amweleze la kufanya kadi itakapojaa. Makala haya yanakusudia kuliziba pengo hilo. Tutaeleza namna ya kuzitoa picha katika kamera kwa salama, kuzipanga, kuziandika na kuzilinda, na tutaeleza kwa nini kazi ya kuandika majina ndiyo isiyongoja.

Mfano wa safari ya Timau

Ili maelezo yetu yasielee hewani, na tuchukue mfano. Tuseme familia ya Mombasa imemwoza binti yake kwa kijana wa ukoo uliokaa Timau kwa miaka mingi. Likizo ya Agosti imefika, na sasa wazazi, shangazi na watoto wanapanda bara kuwazuru wakwe zao. Kamera mpya imo mkobani.

Timau ni mji mdogo wa kaunti ya Meru, kando ya barabara kuu itokayo Nanyuki, kwenye mteremko wa kaskazini wa Mlima Kenya. Uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa pwani huitambua baridi yake kabla hajashuka garini. Ni nchi ya ngano, shayiri, viazi na mashamba ya maua. Alfajiri mlima huonekana wazi pamoja na kilele chake cha Batian, chenye mita 5,199. Jua likipanda, mawingu huja yakaufunika. Safari kidogo kutoka mjini, chini ya barabara ile ile, imejengwa njia ya ndovu iliyoanza kutumika mwaka 2011, ili wanyama hao wapite kati ya msitu wa mlima na msitu wa Ngare Ndare na hifadhi ya Lewa bila ya kukutana na magari. Mwenye kamera mpya hawezi kujizuia katika nchi kama hiyo.

Basi siku ya tatu kadi ina picha mia tisa. Kuna mlima na mashamba ya ngano. Kuna watoto wakicheza katika umande. Kuna bibi yake bwana harusi, mkubwa kuliko wote nyumbani, aliyeketi juani akiwa amejitanda shali, na hakuna ajuaye kama ana picha nyingine ya miaka hii. Kuna picha za wanawake walizopigana chumbani usiku wa karamu, wakiwa wamevua mabuibui yao. Picha zote hizo zimo katika kadi moja isiyozidi ukubwa wa stempu, na kila fungu lahitaji uangalizi wake.

Tukumbuke kwamba wingi huu ni jambo geni. Kamera ya kwanza ya kidijitali ilitengenezwa mwaka 1975 na Steven Sasson, mhandisi wa kampuni ya Kodak ya Marekani. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6, na ilichukua sekunde 23 kuiandika picha moja kwenye kaseti. Nayo filamu ya studio ilikuwa na gharama kwa kila picha, hivyo mtu alifikiri kabla ya kubonyeza. Kamera ya leo haidai senti kwa picha. Inachodai ni kazi ya baadaye, na kazi hiyo twaipa sehemu zote za makala zinazofuata.

Kabla ya picha ya kwanza: saa na tarehe

Ndani ya kila picha kamera huandika habari zake yenyewe: tarehe, saa, na namna lenzi ilivyowekwa. Habari hizi hazionekani usoni pa picha, lakini kompyuta huzisoma, na huzipanga picha kwa kuzifuata. Ikiwa saa ya kamera haikuwekwa sawasawa siku ya kwanza, picha za Timau zitadai kuwa zilipigwa miaka iliyopita, tena pengine usiku wa manane.

Kwa hiyo kabla ya safari, fungua menyu ya kamera uweke tarehe na saa. Angalia kwamba kamera huhesabu saa kwa mtindo wa kizungu: saa moja yetu ya asubuhi kwake ni 7:00, na saa moja ya usiku ni 19:00. Ikiwa familia ina kamera mbili, au kamera na simu, ziweke zote zilingane, ndipo picha za shughuli moja zifuatane kwa mpangilio wake zitakapokutanishwa. Na betri ikikaa nje ya kamera kwa muda mrefu, saa huweza kupotea. Itazame tena kabla ya kila safari.

Kuzitoa picha kwenye kadi

Ukiichomeka kadi kwenye kompyuta utaona folda iitwayo DCIM. Humo ndimo kamera huweka picha, kila moja kwa jina kama DSC_0417 au IMG_0417. Majina haya hayana maana yoyote ila hesabu. Tena hesabu yenyewe ina mwisho: ikifika 9999 hurudi 0001, na ziko kamera zinazoweza kuanza upya kila kadi inapobadilishwa. Maana yake ni kwamba picha ya harusi ya mwaka jana na picha ya bibi wa Timau zaweza kuwa na jina moja. Ukizimwaga zote katika folda moja, kompyuta itakuuliza kama picha mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani. Mwenye haraka hujibu ndiyo, na kwa neno hilo moja picha ya kwanza imekwenda.

Njia za kuzitoa picha ni tatu. Ya kwanza ni waya wa USB kutoka kamera hadi kompyuta. Ya pili ni kisoma kadi, kifaa kidogo cha bei nafuu: kadi hutolewa kamerani ikachomekwa humo. Ya tatu ni kutuma kwa Wi-Fi kutoka kamera hadi simu. Sisi twaipendelea ya pili. Waya hutegemea betri ya kamera, na betri ikizimika katikati ya kazi huacha mambo nusunusu. Wi-Fi yafaa kwa picha chache za kuwapelekea jamaa jioni ile ile, lakini kwa picha mia tisa ni kazi ya kuchosha. Tena ziko programu za simu ambazo hupokea picha zilizopunguzwa ukubwa, kwa hiyo yafaa kuangalia mpangilio wake kwanza.

Vyovyote utakavyochagua, shika kanuni hizi nne.

Kwanza, kabla ya kunakili, tengeneza folda mpya kwa ajili ya kadi hiyo peke yake. Usimwage picha juu ya picha.

Pili, nakili, usihamishe. Kunakili huziacha picha za asili kwenye kadi. Kuhamisha huziondoa kadiri zinavyokwenda, na umeme ukikatika au waya ukivutwa na mtoto, kuna hatari ya picha kutokuwa huku wala kule.

Tatu, hakikisha. Linganisha hesabu ya picha za kwenye kadi na za kwenye kompyuta, kisha fungua chache za mwanzo, za kati na za mwisho, uone kwamba zafunguka zikiwa kamili.

Nne, usiifute kadi mpaka picha ziwe zimekwisha kuwekwa mahali pawili. Zikishawekwa, irudishe kadi kamerani na uifomati humo humo kwa menyu ya kamera, badala ya kufuta moja moja. Na kabla ya kuichomoa kadi kwenye kompyuta, iage kwanza kwa amri ya kuondoa kifaa, kwani kuing'oa ghafla huweza kuiharibu.

Huenda Timau hamna kompyuta nyumbani. Hapo lililo jema ni kuwa na kadi ya pili. Ya kwanza ikijaa, itoe, itie katika kijaluba chake, uiweke pamoja na vitu vya thamani mpaka mrudi. Simu nyingi za sasa nazo hukubali kisoma kadi kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la chaji, na hiyo yatosha kwa nakala ya muda. Ikiwa hapana budi kwenda saiba mjini, basi kumbuka kwamba kompyuta za umma huwa na virusi vinavyozificha folda za watu. Kadi nyingi za SD zina kitufe kidogo ubavuni. Kisukume upande wa kufunga, na kompyuta itazisoma picha bila ya kuandika kitu ndani ya kadi.

Lifahamike pia jambo la ukubwa. Picha ya kawaida ya JPEG kutoka kamera ya pikseli milioni 24 huwa na takriban megabaiti 10, na picha ghafi iitwayo RAW huwa kubwa mara mbili au zaidi. Picha zetu mia tisa za JPEG basi ni kiasi cha gigabaiti 9. Mtu ajuaye hesabu hii hatashangaa simu ikijaa, wala hatajaribu kuzipandisha zote mtandaoni kwa bando la siku moja.

Kuchambua: kipi kibaki

Picha mia tisa hazitazamiki. Jamaa akiwekewa zote mbele yake, ataangalia hamsini kisha aombe chai. Kwa hiyo baada ya kunakili huja kazi ya kuchambua, na yafaa ifanywe kwenye kioo kikubwa, kwa utulivu, si kwenye kioo kidogo cha kamera garini.

Pitia mara ya kwanza ukiondoa zile zisizo na faida: kidole mbele ya lenzi, macho yaliyofumbwa, picha kumi za kichaka kimoja. Pitia mara ya pili ukizipa alama zile zilizo bora. Programu nyingi za picha zina nyota au moyo wa kutia alama. Kwa safari ya siku tano, picha mia moja zilizochaguliwa ni hazina. Nyingine zilizosalia na zikae katika folda yao bila ya kusumbua mtu.

Lakini kuna kanuni iliyo juu ya zote. Picha ya mtu asiye na picha nyingine haifutwi, hata kama imetikisika, hata kama ametazama pembeni. Mlima Kenya utakuwa pale mwakani, na alfajiri zake ni nyingi. Bibi aliyejitanda shali hana ahadi hiyo. Picha yake yenye ukungu ina thamani kuliko picha mia kali za mlima.

Folda na tarehe

Mpangilio ulio rahisi ndio unaodumu. Weka folda moja kuu iitwayo Picha. Ndani yake, folda ya kila mwaka. Ndani ya mwaka, folda ya kila shughuli, nayo ianze kwa tarehe: mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kama 2025-08-14 Timau kwa wakwe.

Kuna sababu ya kutanguliza mwaka. Kompyuta hupanga majina kwa kusoma kutoka kushoto, tarakimu kwa tarakimu. Ukiandika 14 Agosti, folda hiyo itakwenda kukaa karibu na 14 Januari ya mwaka mwingine, na mambo yatachanganyika. Ukiandika mwaka kwanza, folda zitajipanga zenyewe kama kurasa za daftari. Mtindo huu ndio uliokubaliwa kimataifa kwa kuandika tarehe, na haubagui aina ya kompyuta wala simu.

Kwa sikukuu zetu lipo la kuongeza. Folda iitwayo Idi peke yake ni fumbo, kwa kuwa kila mwaka una Idi mbili, nazo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka katika kalenda ya kizungu. Andika ni Idi gani, ya mwaka gani wa Hijria, na imefanyika wapi.

Wengine hupenda kutenga folda kwa kila mtu. Twaona kwamba njia hii huchosha upesi, kwani picha moja ya jamaa huwa na watu kumi, nayo haiwezi kukaa katika folda kumi bila ya vurugu. Folda na iwe ya shughuli; majina ya watu yana mahali pake, napo ndipo tunapofika sasa.

Mgongo wa picha

Kamera yajua siku na saa. Haijui ni nani. Haijui kwamba aliyeshika birika ni mke wa mjomba, wala kwamba mtoto wa tatu kutoka kushoto amepewa jina la babu yake aliyefariki. Hayo yajulikana na watu, na watu huondoka nayo.

Namna za kuyaandika ni mbili, na ni vizuri kuzitumia zote. Ya kwanza ni kuandika ndani ya picha yenyewe. Katika kompyuta nyingi, ukibonyeza picha kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kufungua sifa zake, utaona nafasi ya anwani au maelezo. Unayoyaandika hapo hubaki ndani ya faili na hunakiliwa pamoja nayo. Ila tahadhari: picha ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, hupunguzwa ukubwa na maelezo hayo hutupwa njiani. Ukitaka ifike kamili, itume kama hati.

Namna ya pili ni nyepesi zaidi na haitegemei programu yoyote: tengeneza faili la maandishi katika kila folda, ulipe jina la Majina, na uandike humo nambari ya picha na waliomo, kutoka kushoto kwenda kulia. Hata daftari la karatasi lafaa, maadamu litakaa mahali pamoja na diski.

Katika kuandika, tusiridhike na majina ya nyumbani. Mama, Bibi, Mjomba na Shangazi ni maneno ya heshima, lakini maana yake hubadilika kwa msemaji. Bibi wa leo ni mama kwa mwingine na mkwe kwa wa tatu. Folda iliyoandikwa Bibi Timau itaeleweka kwa mwandishi wake, na haitaeleweka kwa mwanawe. Andika jina lake, la baba yake na la babu yake, kama ilivyo desturi. Kisha uongeze uhusiano kwa jina la mwenzake: fulani binti fulani, bibi mzaa baba wa bwana harusi fulani. Andika na mahali kwa usahihi. Majina mengi ya vijiji vya huko ni ya Kimeru, na mgeni huyaandika asivyoyasikia sawa. Mwenyeji na akusomee herufi kwa herufi.

Kazi hii ifanyweni pale pale Timau, kabla ya basi la kurudi. Mombasa hakuna atakayemjua jirani aliyeleta maziwa siku ya karamu, au wazee wawili waliosimama nyuma ya bwana harusi. Jioni moja baada ya chakula, mwekeeni bibi kompyuta au simu mbele yake, mmwonyeshe picha moja moja, na mmoja wenu aandike. Atakayoyataja yatazidi majina. Huyu alikuja lini, yule alioa kwa nani, shamba lile lilikuwa la nani kwanza. Akitoa picha zake za zamani kutoka sandukuni, zipigeni picha juu ya meza karibu na dirisha, kwa mwanga usio wa jua kali na bila ya flashi, upande wa mbele na upande wa mgongo, na mzirudishe mikononi mwake saa ile ile.

Faida ya bidii ya namna hii twaiona kwa mtu wa Afrika Mashariki ambaye picha zake zilijulikana dunia nzima. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kuanzisha shirika la Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963, alifariki Novemba 1996 katika ajali ya ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara na kuanguka baharini Visiwani Ngazija. Hazina yake ya picha haikuzama pamoja naye. Ilikuwa imehifadhiwa, na chini ya uangalizi wa mwanawe Salim Amin maelfu ya picha hizo yametiwa katika hali ya kidijitali, ili vizazi visivyomjua vizione. Familia haihitaji hazina kama ile. Yahitaji mtu mmoja tu katika ukoo atakayekubali kuwa mtunzaji.

Picha za ndani

Sasa tuzirejee zile picha za chumbani. Waliopigwa walikubali kupigwa kwa sababu ya aliyeshika kamera na waliokuwapo. Hawakuwakubali fundi wa saiba, kijana wa studio ya kuchapisha, wala kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili. Picha hizo ni amana, na amana ina mipaka yake.

Basi zitengewe folda yao, na folda hiyo iwe kwenye diski iliyofungwa kwa neno la siri. Kabla ya hapo, angalia simu: nyingi hupandisha picha zote mtandaoni zenyewe, bila ya kuuliza kila mara, na picha hizo huonekana katika kila kifaa kilichofunguliwa kwa akaunti ile ile, hata cha mtoto. Zima upandishaji huo kwa folda hiyo. Ukienda kuchapisha picha, usikabidhi kadi nzima; nakili zile zilizochaguliwa peke yake kwenye flashi tupu, na upeleke hiyo.

Wengi hudhani kwamba picha iliyofutwa imetoweka. Sivyo ilivyo. Kufuta, na mara nyingi hata kufomati, huondoa orodha tu. Picha yenyewe hubaki kwenye kadi mpaka nyingine iandikwe juu yake. Ziko programu za bure, kama PhotoRec, zinazoweza kuzifufua. Kwa aliyefuta kwa bahati mbaya hiyo ni rehema: na aache kuitumia kadi mara moja, na azitafute picha zake kwa programu kama hiyo kabla hajapiga nyingine. Kwa aliyeuza au kuazimisha kadi iliyokuwa na picha za ndani, jambo lile lile ni hatari. Kadi ya namna hiyo isiuzwe. Bei yake ni ndogo kuliko heshima iliyomo.

Nakala tatu, mahali pawili

Kila kifaa cha kuhifadhia kina siku yake ya kufa. Diski huanguka, flashi hupotea, simu huibiwa, kompyuta humwagikiwa chai. Wapiga picha wana kanuni iliyoenezwa na Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja kati yake ikae mbali na nyumba.

Kwa familia ya mfano wetu kanuni hii imekwisha kupata jawabu. Nakala ya kwanza itakaa kwenye kompyuta ya Mombasa. Ya pili kwenye diski ya nje, kabatini, yenye kuchomekwa wakati wa kuongeza picha peke yake. Ya tatu ipelekwe Timau kwa binti yao, naye awape wazazi wake nakala ya picha za ukoo wa mumewe. Maji ya mvua yakiingia nyumba ya Mombasa hayatafika mlimani, na mwizi wa mlimani hatashuka pwani usiku ule ule. Kila wakizuriana, diski zibadilishwe na picha mpya ziongezwe. Zile za ndani zisitiwe katika diski ya kusafiri ila kwa idhini ya waliomo.

Hifadhi ya mtandaoni nayo yafaa kama nakala ya ziada. Lakini ijulikane kwamba Google, tangu Juni 2021, huhesabu picha katika gigabaiti 15 za bure ambazo huchanganywa na barua pepe. Zikijaa, mtu hulipa au husimama. Na neno la siri la akaunti lijulikane kwa watu wawili wanaoaminiana, kwani mwenye akaunti akifariki bila ya kuliacha, mlango waweza kufungika pamoja naye.

Baridi ya mlima, unyevu wa pwani

Tuongeze machache kuhusu kamera yenyewe, kwani huishi baina ya hali mbili zisizofanana. Baridi ya alfajiri ya Timau huidhoofisha betri. Ya akiba na ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, na iliyozimika ikipashwa joto huenda ikarudisha nguvu kidogo. Kamera iliyokuwa nje katika baridi ikiingizwa ghafla jikoni penye moto na mvuke, lenzi hufanya ukungu. Itie katika mfuko wa plastiki uliofungwa kabla ya kuingia, na uiache ipate joto polepole. Pwani jambo hilo hutokea kinyumenyume, mtu atokapo kwenye gari lenye kiyoyozi.

Hatari kubwa ya pwani ni unyevu unaokaa. Ndani ya lenzi huota kuvu kama nyuzi za buibui, na kuziondoa ni kazi ya fundi. Usiifungie kamera miezi katika mkoba wa ngozi. Iweke katika chombo chenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uitumie mara kwa mara.

Kuirudisha karatasi

Mwisho wa yote, chagueni picha ishirini mzichapishe kwa karatasi nzuri. Ziandikeni mgongoni kwa penseli laini au kalamu isiyopenya, jina kwa jina, mji na mwaka, kama walivyofanya waliotutangulia. Seti moja ibaki Mombasa, na nyingine ipande Timau na msafiri wa kwanza. Bibi hana haja ya kujua folda ni nini. Yeye ataipokea bahasha, atavaa miwani yake, na pengine atakuta jina moja limekosewa. Basi na likosolewe angali yupo, kisha arekebishe na mtunzaji wa picha katika nakala zote tatu.